Kumpima mtoto mgonjwa chini ya miaka 5 zahanati: mwongozo kamili, macho kwanza mikono baadaye

Wadau wa zahanati na vituo vya afya, hii ni ya kwenu, hasa nyie mlioajiriwa juzijuzi mkapangiwa sehemu ambayo nesi ni wewe, dawa unatoa wewe, maabara ni wewe na foleni ya kina mama inaanza saa moja asubuhi. Nitaongelea mtoto wa miezi 2 mpaka kabla hajatimiza miaka 5, maana huyu ndo anajaza benchi, na huyu ndo anayeweza kukuzidia hali ndani ya masaa machache wakati asubuhi alikuja anatembea.

Msingi wa kila kitu hapa ni IMCI, ule utaratibu wa WHO na UNICEF wa kumpima na kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla, uliotengenezwa miaka ya 1990 na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuuingiza kazini. Na sio karatasi tu za semina, kwetu hapahapa walilinganisha Rufiji na Morogoro Vijijini waliokuwa wameanza IMCI dhidi ya Kilombero na Ulanga ambao bado, vifo vya watoto kule kwenye IMCI vikaonekana pungufu kwa kama asilimia 13 ndani ya miaka miwili. Kwaiyo yule anayekwambia chati (kile kitabu cha IMCI cha mezani) ni ya wanafunzi mwache aendelee na maisha yake.

Ila chati inakwambia upime nini, haikusisitizii sana upime kwa mpangilio gani siku ambayo una watoto 40 na mmoja analia kwa sababu mwenzake analia. Mpangilio wangu mimi ni huu, kila kipimo kinachohitaji mtoto ametulia kinaenda mwanzo, kila kinachomliza kinaenda mwisho. Ukimvua nguo, ukamweka mizani, ukamchoma kidole afu ndo ukaanza kuhesabu pumzi, ile namba uliyopata ni ya kilio sio ya nimonia, na dozi utakayotoa itakuwa ya kubahatisha.

Kabla hujaita mtu

Mezani uwe na saa yenye mshale wa sekunde au simu yenye taima, kipimajoto, utepe wa MUAC (wa kupima mzunguko wa mkono wa juu), tochi, mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na vifaa vyake, kikombe, kijiko, maji safi ya kunywa, ORS (chumvichumvi ya kuharisha), na oksimeta (kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu) kama mmebahatika kuwa nayo. Mizani ihakikishe inasoma sifuri kabla ya mtoto wa kwanza. Chati iwe imefunguliwa mezani, sio imefungiwa kabatini na ufunguo kaenda nao in-chaji. Kuna watu wanaona aibu kufungua kitabu mbele ya mama wa mtoto eti ataonekana hajui kazi, mi naona mama anaogopa zaidi mtu anayeandika dawa kabla hajamwangalia mwanae.

Hatua ya 1: pita kwenye foleni

Usikae ukasubiri namba zije. Simama, pita benchi zima, dakika mbili zinatosha. Unatafuta mtoto anayedegedeka sasa hivi, mtoto aliyelegea kama hana mifupa, anayehema kwa shida, mwenye mikono ya baridi, na mtoto ambaye kila mtu anamsifia kwa upole. Huyo mpole mcheki vizuri sana. Mtoto anayepiga kelele na kurusha miguu ana hewa na ana nguvu, yule aliyelala begani kwa mama tangu amefika, nzi anatua usoni na yeye hana habari, ndo anayeingia kwanza hata kama namba yake ni ya 31.

Ukimgusa mkono ukaukuta wa baridi, bonyeza kucha ya kidole gumba kidogo mpaka ipauke, achia, hesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3, mapigo yako mbio na hayashikiki vizuri, huyo ana shoki, yaani damu haifiki vizuri mwilini, hakuna cha foleni hapo. Kwa kiwango cha fahamu tumia njia nyepesi: yuko macho? kama hayuko, anaitikia sauti? kama haitikii, anaitikia ukimminya? au haitikii kitu kabisa? Andika moja kati ya hayo manne, maana neno "amechoka" kila mtu analielewa kivyake.

Hatua ya 2: mama aongee

Salamu kwanza. Kama aliyemleta ni bibi yake mpe shikamoo yake, hata kama una watu nje. Bibi asiyeheshimiwa atakujibu ndio kwa kila swali ili aondoke. Afu uliza jina la mtoto, ulitumie. Halafu swali moja la wazi, "Anasumbuliwa na nini leo mama?" na unyamaze. Kweli, nyamaza. Mama akiachwa nusu dakika anasema mambo matatu ambayo wewe ungeyatafuta kwa maswali kumi.

Wakati anaongea mtoto abaki mapajani kwake, anyonye kama anataka, wewe unaangalia tu kwa macho. Kama alishapimwa uzito mapokezi na amelia, mpe muda atulie.

Umri usiuchukue wa mdomoni, shika kadi ya kliniki usome tarehe ya kuzaliwa. Inaonekana jambo dogo lakini mipaka ya pumzi inabadilika mtoto anapotimiza miezi 12. "Ana mwaka" ya mama inaweza kuwa miezi 11 na wiki 2, na huyo bado yuko kundi la chini. Mwisho uliza kama ndo mara ya kwanza kuja kwa ugonjwa huu au anarudi, na ameshapewa dawa gani, ikiwemo ya duka la dawa, ikiwemo ya kienyeji. Uliza bila kukunja uso la sivyo hutaambiwa.

Hatua ya 3: dalili za hatari

Hizi kila mtoto, kila siku, hata aliyekuja na kikohozi cha kawaida: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea sana au hana fahamu, anadegedeka sasa hivi. Moja tu ikiwepo huyo ni wa rufaa ya haraka.

Shida ni kwamba watu wanazisoma kwa mama kama fomu ya benki, na mama anajibu kama anajaza fomu. Angalia mazungumzo ya namna hii:

"Mama Shabani, ananyonya?"
"Hali kitu kabisa daktari, tangu jana."
"Pole. Hebu mpe ziwa hapo tuone."

Shabani akashika ziwa, akavuta mara sita saba, akaachia kuhema, akashika tena. Huyu anaweza kunyonya. Hamu ya kula imepungua, hilo liandike, lakini sio dalili ya hatari. Asiyeweza ni yule anayewekewa ziwa mdomoni na midomo haishiki, au anashika hana nguvu ya kuvuta, au hawezi kumeza. Ila kuwa makini na pua, mtoto mwenye mafua mazito anashindwa kunyonya kwa sababu pua imeziba, safisha pua afu ujaribu tena.

Kutapika kila kitu vilevile, mpe maji kwa kijiko mbele yako. Yakikaa, basi "anatapika kila kitu" ilikuwa ni "anatapika mara nyingi".

Degedege ndo inataka lugha. Sehemu nyingi degedege linahesabiwa ni jambo la kishirikina, na kuna familia zinaamini mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwaiyo mama anaweza kukwambia hapana huku jana usiku mtoto alikakamaa. Usiulize kwa jina la ugonjwa peke yake. Uliza alichokiona: alishtuka akakakamaa? macho yaligeuka juu? mikono na miguu ilikuwa inarukaruka? ulimwita hasikii? ilichukua muda gani? Na kama ukiona mtoto kafungwa hirizi au kapakwa dawa usianze mahubiri, umeshapata jibu lako, endelea na kazi.

Hatua ya 4: pumzi, na hapa usikimbie

Kama ana kikohozi au anapumua kwa shida, uliza kwa siku ngapi (siku 14 au zaidi unafikiria TB au pumu), halafu unahesabu pumzi dakika nzima. Sio sekunde 15 mara nne. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio mmoja, anaenda mbio kidogo, anapoa, anasimama kidogo, ukichukua kipande cha sekunde 15 unaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye kupoa, na kila pumzi moja uliyokosea ukizidisha mara nne tayari umemhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine.

Namna ya kufanya. Mama akae, mtoto mapajani, amelala au ananyamaza, wewe umekaa usawa wake usimsimamie juu. Mwambie mama, "Nahesabu anavyopumua, tusiongee dakika moja." Mama apandishe kinguo polepole mpaka tumbo na sehemu ya chini ya kifua vionekane, wewe usiguse. Chagua sehemu moja ambayo unaona vizuri ikipanda na kushuka, tumbo au chini ya mbavu, ukodolee hapohapo. Taima iweke mahali ambapo macho yako yanaiona bila kugeuza kichwa, au iwe ya mlio. Kupanda na kushuka ni moja. Akianza kulia au kuchezacheza katikati, acha, subiri, anza upya kutoka sifuri, usijumlishe nusu ya mwanzo na nusu ya mwisho. Na kama namba imeangukia kwenye mpaka kabisa, rudia.

Mipaka: miezi 2 mpaka kabla ya 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Miezi 12 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Aliyetimiza miezi 12 kamili anaenda na 40. Kwaiyo pumzi 46 kwa mtoto wa miezi 11 na wiki 2 ni sawa, kwa wa miezi 13 ni za haraka, unaona sasa kwa nini nilisema shika kadi.

Bado hujamshika. Nguo ikiwa imepandishwa angalia kifua kubonyea. Hapa watu wengi wanachanganya. Unaangalia sehemu ya chini ya kifua, zile mbavu za mwisho, WAKATI anavuta hewa ndani. Kawaida kifua na tumbo vyote vinatoka nje akivuta. Mwenye tatizo anavuta hewa tumbo linatoka nje ila chini ya kifua kinaingia ndani. Kama ni ngozi tu katikati ya mbavu au juu ya mtulinga inayoingia, hiyo peke yake haihesabiki kwenye chati. Iwe inaonekana waziwazi na iwe kila pumzi, sio akilia tu au akinyonya tu. Kama mtoto amekunjwa kiunoni huwezi kuona vizuri, mwambie mama amlaze chali mapajani. Hujaona vizuri bado? Basi andika hakuna, afu mwangalie tena baada ya dakika chache.

Sikio lako sasa, lisogeze karibu na mdomo wa mtoto. Sauti ya kukwaruza akivuta hewa ndani huku ametulia ni ya hatari, njia ya juu imebana, huyo usimchokonoe koo kwa kijiti wala usimlaze kwa nguvu. Sauti ya filimbi laini akitoa hewa nje ni ya kubana chini, na huyu akiwa na pumzi za haraka au kifua kinabonyea, mpe salbutamo (dawa ya kufungua njia ya hewa) ya kuvuta kwanza, mpaka mara 3 kila baada ya dakika 15 hadi 20, halafu hesabu upya kabla hujamwita nimonia. Wengi wanatulia hapo na wanakuwa hawakuhitaji antibayotiki.

Oksimeta kama ipo, iweke kwenye kidole gumba cha mguu kwa wadogo, subiri namba itulie na mapigo yanayosomeka yafanane na unayoyahesabu wewe. Kidole cha baridi, mtoto anayerusha mguu, rangi ya kucha, hina iliyokolea, vyote vinaweza kukupa namba ya uongo. Chini ya 90 ni oksijeni na rufaa. Ila 96 haikufutii kifua kinachobonyea, mashine inaongeza taarifa, haikupunguzii ulichokiona.

Stetoskopu? Itumie, ila kwa umri huu usisubiri ikwambie. Kifua kinaweza kusikika kisafi kabisa na mtoto anapumua 58.

Hatua ya 5: kama anaharisha

Uliza siku ngapi (14 au zaidi ni la kuendelea, linashughulikiwa tofauti) na kama kuna damu kwenye choo. Afu vitu vinne tu vya kuangalia: hali yake, macho, kiu, ngozi.

Hali: ametulia kawaida, anahangaika kila saa analia hata mama akimbembeleza, au amelegea. Macho: yameingia ndani? Usijiamini, kuna watoto wamezaliwa na macho ya ndani, muulize mama "Macho yake huwa hivi?" Kiu: mpe maji kwa kikombe. Anayeyadaka, anang'ang'ania kikombe na analia ukikiondoa, ana kiu. Anayekunywa akisukumiwa tu au maji yanamwagikia pembeni, huyo ni mbaya zaidi.

Ngozi ndo ya kufundishana. Mtoto alale chali, mikono pembeni sio juu ya kichwa. Sehemu ni katikati ya kitovu na ubavu. Tumia kidole gumba na cha shahada, shika kwa nyama ya vidole sio kwa ncha, ukitumia ncha unamfinya na anaruka. Mkunjo ukae wima kufuata urefu wa mwili, usiukate kwa upana. Inua ngozi yote na nyama laini iliyo chini yake, shika sekunde 1, achia, angalia. Inarudi hapohapo, inarudi taratibu yaani unaiona imesimama kidogo, au inachukua zaidi ya sekunde 2. Mtoto aliyekonda sana ngozi inachelewa hata kama maji yapo mwilini, na mnene au mwenye kuvimba ngozi inarudi fasta hata kama amekauka, kwaiyo usiitegemee peke yake, ndo maana chati inataka dalili mbili.

Mbili kati ya kulegea, macho kuingia ndani, kushindwa kunywa na ngozi kuzidi sekunde 2 ni upungufu mkubwa wa maji, anahitaji dripu sasa hivi. Mbili kati ya kuhangaika, macho kuingia, kunywa kwa pupa na ngozi kurudi taratibu ni upungufu kiasi, ORS mili 75 kwa kila kilo ndani ya masaa 4, na anakaa hapohapo kituoni anakunywa mbele yenu, halafu unampima upya mwanzo mwisho. Usimpe pakiti akanywee nyumbani. Zinki wote, mg 10 chini ya miezi 6, mg 20 kuanzia miezi 6.

Hatua ya 6: homa

Homa ni joto la kwapani nyuzi 37.5 au zaidi, AU mama kusema alikuwa wa moto, AU ukimshika ni wa moto. Mtoto aliyepewa parasetamo saa kumi alfajiri atasoma 36.9 kwako saa mbili, homa yake bado inahesabika.

Shingo kukakamaa: usianze kwa kukunja. Mwangalie kwanza akigeuka na kutazama chini mwenyewe. Hajatazama? Mulika tochi kwenye vidole vya miguu au mtekenye mguu aangalie. Ikishindikana ndo umlaze, umkunje kichwa taratibu kidevu kiende kifuani. Kwa mdogo ambaye utosi bado uko wazi angalia kama umejaa, akiwa amekaa na hajalia.

Cheki surua: vipele mwili mzima pamoja na mojawapo ya kikohozi, mafua au macho mekundu. Ikiwepo, angalia mdomo kama una vidonda na macho kama mboni imeweka ukungu.

mRDT sasa ndo wakati wake, maana kuchoma kidole ni kilio. Soma kwa muda ulioandikwa kwenye boksi la kipimo chenyewe, sio ukikumbuka. Mstari wa kontroo usipotokea kipimo hakina maana, rudia. Afu mambo mawili. Moja, vipimo vyetu vingi vinatafuta protini ya kimelea inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya matibabu, kwaiyo aliyetibiwa majuzi anaweza kutoka chanya bila malaria mpya. Mbili, na hili naliona ndo linaloua, mRDT chanya haifuti nimonia. Shabani wa miezi 9, pumzi 54, mRDT chanya: anatibiwa vyote viwili. Ukiona mstari wa pili ukafunga faili umetibu nusu ya mtoto.

Homa kila siku kwa zaidi ya siku 7, mpeleke mbele akachunguzwe.

Sikio haraka tu: maumivu, usaha unaoonekana na ni wa siku ngapi (chini ya 14 mkali, 14 na zaidi sugu), na bonyeza nyuma ya sikio, uvimbe wenye maumivu pale ni rufaa.

Hatua ya 7: lishe na damu

Hizi kwa kila mtoto, hata ana afya ya kuonekana. Mvue soksi. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo (sio wa kukanyagia), miguu yote miwili, sekunde chache, achia. Shimo likibaki kwenye yote miwili ni utapiamlo mkali hata kama uzito unasoma vizuri, na uzito unasoma vizuri kwa sababu ya hayohayo maji.

MUAC kuanzia miezi 6, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia, utepe ugusane na ngozi bila kuikaza. Chini ya milimita 115 nyekundu, 115 mpaka kabla ya 125 njano. Mtoto wa nyekundu mpime pia hamu ya kula na uangalie kama ana dalili nyingine yoyote ya hatari, hilo ndo linaamua alazwe au atibiwe kutokea nyumbani.

Damu iangalie kwenye kiganja. Shika mkono wa mtoto kutokea pembeni, ufunguke wenyewe. Usivute vidole kwa nyuma, ukivivuta damu inazuiwa na kiganja cha mtoto mzima kabisa kinapauka, utaandika upungufu wa damu ambao umeutengeneza wewe. Linganisha na kiganja chako na cha mama. Mweupe kabisa kama karatasi ni mkali, rufaa.

Maliza na kadi: chanjo zipi zimerukwa, vitamini A, dawa ya minyoo, hali ya VVU ya mama na mtoto. Mafua sio sababu ya kumnyima chanjo.

Wa chini ya miezi 2

Ana chati yake, usimpime kwa hii. Pumzi zake mpaka ni 60, na ukipata 60 au zaidi unahesabu mara ya pili kuhakikisha. Asiyenyonya vizuri, anayejitikisa akiguswa tu, wa baridi chini ya 35.5, kifua kinachobonyea sana, degedege, huyo mpe rufaa fasta, hawa hawana akiba.

Kuamua na kumsafirisha

Nyekundu kwenye chati ni rufaa, njano ni dawa maalum, kijani ni matunzo ya nyumbani. Wa nyekundu haondoki mikono mitupu: dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano, artesuneti (dawa ya malaria kali) kama kuna shaka ya ugonjwa huo (ya njia ya haja kubwa mg 10 kwa kilo kama huwezi sindano, kwa wa chini ya miaka 6), na sukari. Sukari inasahaulika sana. Kama anaweza kunyonya, anyonye. Kama hanyonyi lakini anameza, vijiko bapa 4 vya chai vya sukari kwenye kikombe cha mili 200 za maji safi, mpe mili 30 hadi 50 kabla gari halijaondoka. Asiyeweza kumeza, mili 50 kwa mrija wa puani kama unajua kuuweka. Afunikwe, akae kifuani kwa mama.

Barua ya rufaa iandike namba: umri, uzito, pumzi, joto, SpO2 (namba ya oksimeta), fahamu, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Anayempokea usiku hawezi kukupigia. Kwenye MTUHA (rejesta za kituo) vilevile, "RR 54", yaani pumzi 54 kwa dakika, na sio "anahema".

Kumruhusu na siku ya kurudi

Anayeenda nyumbani, dozi ya kwanza ainywe mbele yako, mama mwenyewe ndo avunje na kuyeyusha kidonge. Afu usimuulize "Umeelewa?" maana jibu ni ndio. Muulize hivi: "Mama Shabani, ukifika nyumbani baba yake akiuliza, utamwambia dawa anakunywaje, na kitu gani kikitokea mnarudi hata usiku?" Akitaja kushindwa kunywa au kunyonya, kuzidiwa, homa, kupumua haraka au kwa shida, sawa. Kwa wa kuharisha aongeze damu kwenye choo na kunywa kwa shida. Kilichosahaulika rudia hichohicho tu.

Wa nimonia anarudi siku ya 3. Usimwone mchangamfu ukampungia mkono mlangoni, kaa naye, kadi, saa, dakika nzima, sehemu ileile ya tumbo. Pumzi zimepungua, homa imeshuka, anakula: amalizie siku zake 5. Pumzi zilezile: kwanza uliza dawa inavyotolewa, mara nyingi utakuta kidonge kinagawanywa na ndugu yake anayekohoa pia, na kama kweli amemeza zote vizuri ndo ubadilishe dawa au umpeleke mbele. Kifua kimeanza kubonyea au dalili ya hatari yoyote imejitokeza: sindano ya kwanza na gari. Asipotokea siku hiyo, namba ya simu uliyoandika kwenye buku siku ya kwanza ndo inafanya kazi, na kama hana simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chake anamfahamu.